Mto Unapokataa Kuvukwa: Utatuzi wa Matatizo kwa Mwandishi wa Riwaya ya Kihistoria, kutoka Malindi hadi Kipini

Kasoro zinazoshughulikiwa hapa zinajirudia sana katika miswada ya riwaya za kihistoria zinazotungwa juu ya pwani ya kaskazini, kuanzia Malindi na Mto Sabaki, kupita Mto Tana, hadi Kipini, Witu na visiwa vya Lamu. Wasomaji wa huku wana ukali wa aina yake. Watamsamehe mwandishi aliyebuni sultani asiyewahi kuwako, lakini hawamsamehi aliyevusha punda kwa miguu mlangoni mwa Sabaki katikati ya Mei. Kila sehemu inaanza na dalili, yaani lile lalamiko ambalo mhariri au msomaji huliandika pembeni mwa ukurasa, kisha zinafuata sababu kwa mpango wa ile inayotokea mara nyingi hadi ile ya nadra, na ukaguzi mwepesi unatangulia ule mgumu.

Kosa la mto katika riwaya ya kihistoria karibu kila mara ni kosa la tarehe. Mwandishi amekwenda ukingoni, ametazama vizuri, ameandika kwa uaminifu alichokiona, lakini alichokiona ni mto wa leo, wa mwezi ule aliopata nafasi ya kusafiri. Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza wa dalili zote ni uleule: andika pembeni mwa tukio mwaka, msimu, siku ya mwezi mwandamo na saa. Nafasi moja ikibaki tupu, anza kutafuta hapo kabla ya kugusa kitu kingine.

Dalili ya kwanza: "Mto hauvukwi hivyo"

Msomaji anasema mhusika amevuka kwa urahisi mno, au amezuiwa na maji ambayo hayakupaswa kuwapo.

Sababu inayoongoza ni mwandishi kuyaunganisha mafuriko na mvua ya pale pale. Mhusika yuko Malindi, mvua inanyesha usiku, asubuhi Sabaki umefurika. Mito hii miwili haifanyi kazi hivyo. Tana unachota maji yake Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, na Sabaki ni mkia wa Athi, ambao unaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, ukaungana na Tsavo na kuitwa Galana kabla ya kupata jina la Sabaki karibu na bahari. Maji ya mvua ya bara husafiri siku kadhaa kabla ya kufika kwetu. Ndiyo maana mafuriko yanaweza kumkuta mvukaji chini ya mbingu nyeupe isiyo na wingu, na ndiyo maana mvua kubwa ya pwani peke yake inaweza kuijaza barabara tope huku mto ukibaki ulivyokuwa jana. Kwa mwandishi hii ni neema, kwa sababu mto unaopanda bila onyo chini ya jua kali una hofu ambayo dhoruba haina.

Ukaguzi ni rahisi. Tukio likiwa baada ya masika kukolea, kati ya Aprili na Juni, au baada ya vuli, Novemba na Desemba, chukulia kwamba mto ni mkubwa na mhusika anahitaji chombo au subira. Likiwa mwishoni mwa kaskazi, Februari na mwanzo wa Machi, vivuko vya miguu vinawezekana mahali penye mafungu ya mchanga, ingawa Sabaki haukauki kabisa kwa urahisi, kwa sababu chemchemi za Mzima huulisha Tsavo hata wakati wa ukame.

Sababu ya pili ni bahari. Karibu na mlango wa mto, kina hakiamuliwi na mto peke yake. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi kuandama na siku za mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii hupita mita tatu. Bamvua ina saa zake zinazojulikana: maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hata baada ya juma moja, wakati wa maji mafu, mambo yamegeuka, na tofauti ya kina ni ndogo.

Hapa mwandishi wa riwaya za pwani ana bahati ambayo wenzake wa kwingineko hawana. Barua na hati za zamani za huku zimeandikwa kwa tarehe za Hijria, na tarehe ya Hijria ni tarehe ya mwezi. Hati ikisema tukio lilikuwa tarehe 15 Rajabu, imekwambia kwamba mwezi ulikuwa mpevu, kwamba usiku ulikuwa na mwanga, na kwamba bahari ilikuwa katika bamvua, hata kama mwandishi wa hati hiyo hakuwaza habari za maji. Ikisema tarehe 8, basi maji yalikuwa mafu na mwezi ulitua karibu na usiku wa manane. Unaweza kuandika ukurasa mzima wa kuvuka mlango wa mto usiku kutokana na nambari hiyo moja. Kwa riwaya inayotumia kalenda ya Kizungu, geuza tarehe kwanza, na ukubali kwamba hesabu inaweza kukosea siku moja au mbili, kwa kuwa miezi ilifuata kuonekana kwa mwandamo. Kukosea kiasi hicho hakubadilishi aina ya maji. Kumbuka pia kwamba kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Wahusika wengi wamechelewa kivukoni siku nzima kwa sababu ya kusahau jambo hili.

Wale wanaotumia Nairuzi, mwaka mpya wa jua wa Waswahili, kupangia misimu ya safari wana mtego wao. Mwaka huo wa jua una siku 365 bila siku ya nyongeza, basi katika kalenda ya Kizungu hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne, karibu siku 48 katika miaka 200. Nairuzi ya mwezi wa Julai ni ya zama zetu, na kuiweka Julai katika riwaya ya mwanzo wa karne ya 19 ni kosa.

Sababu ya tatu inahusu Tana tu. Mabwawa ya juu ya mto, Kindaruma mwaka 1968, Masinga mwaka 1981, Kiambere mwaka 1988 na mengine kati yao, yamebadilisha namna mafuriko yanavyofika kwenye nyanda za chini. Aliyepima kina Garsen leo amepima mto uliofungwa lijamu. Tukio la mwaka 1870 linahitaji mto ambao ulipanda mara mbili kwa mwaka na ambao wakulima wa Kipokomo walipanga mashamba yao kwa kuufuata.

Sababu ya nadra zaidi, lakini yenye hila, ni kupima kila mwaka kwa mwaka wa ajabu. Mafuriko ya mwaka 1961 na yale ya El Niño ya 1997 na 1998 yamekaa katika kumbukumbu kiasi kwamba mzee ukimwuliza maji yalikuwa yakifika wapi, huenda akakuonyesha alama ya 1961. Mwulize swali la pili: mwaka wa kawaida yalifika wapi?

Ukaguzi wa ndani zaidi ni kumbukumbu za vipimo vya mtiririko zilizo chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ni za karne ya 20 na kuendelea, kwa hiyo zikupe umbo la mwaka, mwezi upi hupanda na upi hushuka, bila kuzichukulia kuwa kina cha karne ya 18.

*Simama hapa.* Usipime kina kwa miguu yako. Sabaki na Tana yote miwili ina mamba na viboko, na mlango wa Sabaki una mchanga unaohama na mkondo unaogeuka maji yanapopwa. Ukitaka kujua kuvuka kunahisi vipi, mlipe mvuvi wa hapo, kaa katika chombo chake, na akikwambia leo haiwezekani, hilo nalo ni jibu la utafiti wako.

Dalili ya pili: ramani mbili, mito miwili, au hakuna mto kabisa

Sababu ya kawaida ni majina. Athi, Galana na Sabaki ni maji yale yale, na katika vitabu vya karne ya 19 mwandishi mmoja anaweza kutumia jina la sehemu moja kwa mto mzima. Mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliuandika Tana kwa jina la Dana. Ramani za Wareno zina jina Quilimanci, ambalo wasomi wamelihusisha na zaidi ya mto mmoja, na mwandishi wa riwaya hana haja ya kuingia katika ugomvi huo: asilitumie nje ya kinywa cha mhusika Mreno. Ghuba ya Ungwana nayo inaonekana katika ramani nyingi kwa jina la Formosa. Tengeneza karatasi moja ya majina, kila jina na nani alilitumia na mwaka gani, kabla ya kuamua kwamba mto umehama.

Baada ya hapo ndipo ukubali kwamba mto huenda umehama kweli. Tana ndio mfano mkubwa. Leo unamwaga maji yake Kipini, lakini mlango wa Kipini ulikuwa wa Ozi, mto mdogo zaidi. Katika karne ya 19 mfereji wa Belezoni uliunganisha Tana na Ozi ili mitumbwi ya mazao ipite bila kuingia baharini, na maji ya Tana yakazidi kuifuata njia hiyo mpya mpaka mlango wa zamani, ulioko kusini zaidi, ukapungukiwa. Hebu fikiri maana yake kwa riwaya. Msafiri wa mwaka 1820 anayetoka Malindi kwa nchi kavu kwenda Kipini anakutana na Tana mahali pamoja na Ozi mahali pengine, mito miwili yenye tabia mbili. Msafiri wa mwaka 1900 anakuta hali nyingine. Wakati kikosi cha Waingereza chini ya Admirali Fremantle kilipoteremka Kipini Oktoba 1890 kwenda kuishambulia Witu, nchi hiyo ilikuwa imo katikati ya mabadiliko hayo. Mwandishi atakayenakili njia ya basi la Malindi na Lamu, kwa daraja lake la Garsen, atakuwa amevusha jeshi lake mahali pasipowahusu.

Nchi yenyewe ina alama za mahali mto ulipokuwa. Maziwa kama Shakababo na Bilisa katika delta ya Tana ni vipande vya mkondo vilivyokatwa na kuachwa. Ramani za Idara ya Upimaji za kipimo cha 1:50,000 zinaonyesha mapindi hayo vizuri, na picha za setilaiti zinaonyesha vizuri zaidi, ingawa hata za zamani kabisa ni za nusu ya pili ya karne ya 20 na hazisemi lolote juu ya enzi za mhusika wako.

Sababu ya tatu ni kumwamini mchoraji wa ramani kupita uwezo wake. Upimaji wa pwani ulioongozwa na Kapteni William Owen katika miaka ya 1820 ni hazina kwa mambo ya bahari, yaani vina, miamba na maegesho. Mabaharia wale walikuwa na chombo cha kupimia bahari, lakini habari za ndani ya nchi waliuliza tu. Mstari wa mto unaoingia bara kwa ukurasa mzima bila pindi hata moja ni tetesi iliyotiwa wino.

Sababu ya mwisho inachekesha kidogo, lakini imejitokeza: mto katika kisiwa cha Lamu. Lamu haina mto. Maji matamu ya mji yametoka katika visima, na yanategemea mvua inayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Kinachoonekana kama mto kati ya kisiwa na bara, au kati ya Manda na bara, ni mkono wa bahari wenye mikoko. Kupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, kwenda Pate ni suala la maji kujaa, na nahodha aliyechelewa husubiri. Mhusika aliyekwama Mkanda maji yakipwa, na mbu, na kiu, ana sura nzuri mbele yake, lakini asiiname kunywa maji ya pale.

Dalili ya tatu: mandhari ni ya leo

Msomaji hasemi kosa liko wapi. Anasema tu kwamba ukurasa "unanuka sasa".

Anza na mimea, kwa kuwa ndiyo inayokosewa zaidi. Mathenge, ambao leo umefunga kingo za Tana kwa miiba, uliletwa Kenya katika nusu ya pili ya karne ya 20. Mkonge uliingia Afrika Mashariki mwaka 1893. Mahindi, muhogo, nanasi, papai na mkorosho vimetoka Amerika, kwa hiyo havina nafasi katika riwaya ya Malindi ya mwezi wa Aprili 1498, wakati Vasco da Gama alipotia nanga hapo. Kwa enzi hizo weka mtama, wimbi, mpunga, nazi na ndizi. Wale kunguru wenye shingo ya kijivu wanaopiga kelele katika kila soko la pwani waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890. Kunguru mwenye kifua cheupe ndiye mwenyeji. Ukaguzi mzuri ni kuchukua picha uliyopiga mwenyewe ukingoni na kufuta kwa kalamu kila kitu kisichokuwako mwaka ule. Mara nyingi picha hubaki na anga na maji.

Kisha maji yenyewe yanahitaji kuangaliwa. Anayesimama Malindi wakati wa mvua leo huona bahari nyekundu mpaka mbali, na huandika bahari nyekundu katika kila karne. Matumbawe ya Malindi yamehifadhi ushahidi kinyume cha hapo. Uchunguzi wa tumbawe moja lenye umri wa miaka 300, lililopimwa madini ya bari yanayofuatana na udongo wa mto, ulionyesha kwamba udongo ulioletwa na Sabaki ulikuwa karibu katika kiwango kimoja kati ya 1700 na 1900, ukaanza kupanda baada ya 1900, na ukafikia kilele kati ya 1974 na 1980, mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili. Sababu zilizotajwa ni ongezeko la watu, ukataji wa misitu na matumizi ya ardhi huko juu pamoja na ukame wa mwanzo wa miaka ya 1970. Sabaki wa mwaka 1750 ulikuwa na rangi wakati wa mafuriko, bila shaka, kwa maana ni mto wa nchi ya udongo mwekundu, lakini ghuba haikuwa ile tunayoijua. Mchanga huo huo umeongeza ufuo, kwa hiyo usipime umbali kutoka msikitini hadi majini kwa hatua zako.

Kosa la tatu ni la miji. Malindi haikuwa na watu nyakati zote. Ukoo uliotawala ulihamia Mombasa mwishoni mwa karne ya 16, mji ukadhoofika, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 palikuwa magofu yaliyofunikwa na kichaka. Ulianzishwa tena mwaka 1861 chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, ukawa mji wa mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Kwa hiyo mhusika wa mwaka 1845 anayevuka Sabaki kuelekea kusini akitarajia soko, kahawa na mahali pa kulala atakuta kunguru wenyeji na mibuyu. Gedi ilikwisha hamwa katika karne ya 17, na vivyo hivyo Takwa katika Manda. Huu si upungufu. Magofu yanayoonekana na msafiri wa karne ya 19 ni mandhari halali, mradi asiyakute na watu ndani.

*Simama hapa.* Ukikuta vigae, shanga au kaburi la nguzo katika ukingo uliomomonyoka, piga picha, andika mahali, na uwaarifu watu wa makumbusho ya Malindi au Lamu. Usichimbe wala usibebe. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inakataza, na hata bila sheria, kigae kilichong'olewa mahali pake hakimsaidii hata mwanaakiolojia kukwambia umri wake.

Dalili ya nne: kivuko hakina wenyewe

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, na ambayo wahariri huitaja mara chache. Mhusika anafika ukingoni, anaona maji, anawaza, anavuka. Hakuna mtu. Lakini kivuko ni mahali penye njia, na mahali penye njia huwa pana watu wanaojua nani anapita, wanatoza nini, na nani hapiti.

Sababu ya kwanza ni mwandishi kudhani nchi iliyo kati ya miji ilikuwa tupu. Kwa muda mrefu, mpaka katikati ya karne ya 19, nchi kati ya Sabaki na Tana ilikuwa chini ya nguvu za wafugaji wa Kioromo, mababu wa Waorma wa leo, na Wapokomo waliolima kandokando ya Tana walikuwa wakiwalipa ushuru. Wapokomo ndio waliokuwa na mitumbwi na maarifa ya mto. Basi mfanyabiashara wa Kiswahili kutoka Lamu anayetaka kuvuka na pembe zake alikuwa na watu wawili wa kuzungumza nao, mwenye nchi na mwenye chombo, na mazungumzo hayo mawili hayakufanana. Katika miaka ya 1860 nguvu za Waoromo zilivunjwa na mashambulizi ya Wasomali na Wamaasai, na tukio lile lile la kuvuka likibadilishwa kutoka 1850 hadi 1875 linakuwa hadithi nyingine.

Sababu ya pili ni kusahau watoro. Ahmad, aliyeitwa Simba, alipojiimarisha Witu katika miaka ya 1860, mji wake ulivuta watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, na makazi mengine ya watoro yalikuwako katika misitu na nyuma ya Malindi. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika ukanda huu mpaka 1907. Kwa mtu aliyetoroka shamba la Malindi, Sabaki hakikuwa kizuizi cha maji tu. Mvushaji angeweza kumficha au kumuuza.

Sababu ya tatu ni siasa ya mto wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 Wagiriama wengi walivuka Sabaki kwenda kaskazini kutafuta ardhi yenye rutuba, wakalima nafaka na kuuza Malindi na Mambrui. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya watu kupinga kodi na kazi za lazima, akakamatwa, na mwaka 1914 serikali ya kikoloni ikalipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, na kulazimisha walioko kaskazini ya mto warudi kusini, nyumba zikachomwa. Mwanamke anayevuka Sabaki na kapu la mahindi mwaka 1911 anakwenda sokoni. Mwanamke huyo huyo mwishoni mwa 1914, mahali pale pale, kwa maji yale yale, anavunja amri. Ukijaza tarehe pembeni mwa tukio, mto unapata mlinzi.

Ukaguzi mwepesi: andika majina matatu kabla ya kuandika kuvuka, nani anamiliki ukingo huu, nani anamiliki ule, nani anamiliki chombo. Ukaguzi wa ndani ni Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa mjini Nairobi, ambako ripoti za wilaya za Malindi, Lamu na Tana zinapatikana kwa enzi za ukoloni. Zisome ukijua zimeandikwa na mtoza kodi. Habari za kivuko humo huwa kamili pale tu serikali ilipotaka kukifunga au kukitoza.

Dalili ya tano: chombo si chake

Kwa kifupi. Mtumbwi wa gogo moja ni wa mto, husukumwa kwa upondo penye maji haba na kwa kafi penye kina. Ngalawa ina mitengo ya pembeni na ni ya bahari. Mtepe, ulioshonwa kwa kamba za makumbi na kubeba tanga la mkeka, ulikuwa chombo cha baharini cha visiwa vya Lamu, na kuupandisha Mto Tana mpaka Golbanti ni kuuonea. Pantoni iliyovutwa kwa kamba pale Garsen ni ya karne ya 20, kabla ya daraja. Ukiwa na shaka, andika "chombo", kama wazee wanavyosema, na uache.

Dalili ya sita: mzee anasema hivi, hati inasema vile

Mara nyingi hawapingani, bali wanazungumzia miaka tofauti. Rudi kwenye tarehe. Isipokuwa hivyo, tazama nani alikuwa na haja gani. Mzee anayeeleza mahali babu yake alipovukia huenda anaeleza pia ardhi ya nani iko wapi, na katika delta ya Tana jambo hilo bado ni moto. Msikilize, usimsahihishe mbele ya watu, wala usimnukuu kwa jina bila ridhaa yake. Kaburi linaloonyeshwa Kipini kuwa la Fumo Liyongo ni ushahidi mkubwa wa namna watu wa Ozi wanavyoijua nchi yao. Kwa kina cha maji au mwaka wa tukio, mashairi yake hayatakusaidia, na usiyalazimishe.

Barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu ndizo mahali pa kusimama mapema. Nukta moja iliyofifia hubadilisha jina la kijiji, na kosa hilo likiingia katika njama ya riwaya halitoki. Lamu haijakosa watu wanaozisoma hati hizo vizuri. Mpelekee msomi nakala nzima ya barua, kwa maana neno moja likikatwa nje ya sentensi yake hata yeye litamshinda.

Kabla ya kufunga safari ya kwenda kuona mahali penyewe upande wa bara ya Lamu au ndani ya delta, uliza hali ya usalama kwa chifu na polisi wa eneo hilo, pitia pia kwa wazee wa kijiji, na usitegemee habari za mwaka jana. Ukitaka kurusha ndege ndogo ya kamera, tafuta kibali kwanza. Wakikwambia usubiri, andika sura nyingine. Kama safari haiwezekani kabisa, mtafute Malindi au Mokowe mtu aliyekulia ukingo ule, mpe chai, mwombe akuchoree kwa kijiti mchangani njia ya kushukia majini, na umwulize mteremko unatazama upande gani, kwa sababu jua la asubuhi machoni mwa mvukaji ni jambo ambalo hakuna ramani wala ripoti itakayokueleza.